Agricola: kwanini mtu mmoja anashinda kila Jumamosi na sisi tunaishia kuomba chakula?

Mtoto wa Nzuguni #1

Habari za usiku wakuu. Nina jambo linanisumbua mwezi wa pili sasa, nimeona nilete hapa maana humu hakukosi mtu wa kila fani.

Rafiki yetu mmoja alikuwa masomoni Ujerumani, siku anarudi kashuka stesheni ya SGR hapa Dodoma na mabegi mawili na boksi moja bapa, zito, sisi tuliokwenda kumpokea tukajua kompyuta. Kumbe gemu ya mezani. Inaitwa Agricola, ni Kilatini, maana yake mkulima, kaitunga Mjerumani anaitwa Uwe Rosenberg, ilitoka 2007. Sio ludo, sio drafti, sio karata. Jumamosi ya kwanza tulikaa kibarazani saa kumi jioni, tukapanga vipande tukabishana weee, mpaka adhana ya isha hatujavuka raundi ya sita.

Kwa ufupi iko hivi. Kila mtu ana shamba lake lenye nafasi 15, anaanza na nyumba ya miti ya vyumba viwili na watu wawili tu, baba na mama. Raundi ziko 14. Kila raundi unawapeleka watu wako kazini mmoja mmoja, huyu kukata miti, huyu kuchimba udongo, kulima, kupanda, kuvua samaki, kibarua, na kazi ikishachukuliwa na mwenzako raundi hiyo ndio basi tena. Halafu kuna mavuno, kila raundi 3, hapo kila mtu wa familia yako lazima ale chakula 2. Ukipungukiwa unapewa kadi ya ombaomba, na kila kadi inakukata pointi 3 mwishoni, hakuna namna ya kuirudisha.

Tunacheza wanne: mimi, mwenye boksi, jamaa yetu wa Kondoa, na jirani yetu mwalimu wa shule ya msingi ambaye mtaa mzima unamwita Madam. Tumecheza Jumamosi saba. Madam kashinda zote saba. Juzi yeye kapata 39, mimi 11 na kadi mbili za ombaomba juu.

Nimemwangalia sana. Kitu pekee nilichokiona ni kwamba kabla hajagusa kitu, anachukua vile vipande vya chakula anavipanga viwili viwili mbele ya kila mtu wake, kama mama anayepakua. Palipo pengo anaacha pengo. Ndipo anaanza kucheza. Na ana tanuri la udongo, nafaka moja inampa chakula 5, kwahiyo mavuno yakifika anaoka tu mkate sisi tunahangaika.

Ni akili, ni bahati ya kadi (zile za fani na vifaa tunazogawiwa), au kuna mlango hatujauona?

zabibu kavu #2

Nimeshakaa. Picha mkuu.

Mzee wa Mashimo 32 #3

Vijana mnahangaika na maboksi ya Ulaya na bao lipo. Mashimo 32, kete 64, unaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, hakuna kadi wala dadu, ukifungwa umefungwa na akili. Hapo kwa fundi wa bao hakuna cha "bahati". Huyo Madam mleteni kijiweni Majengo tumpime.

Fundi Hesabu #4

Mkuu #1 nimeisoma hiyo gemu, niliicheza nikiwa kazini nje. Kwanza marekebisho: mavuno hayaji kila raundi 3. Yanakuja baada ya raundi ya 4, 7, 9, 11, 13 na 14. Yaani mwanzo una raundi nne za kupumua, baadaye yanakufuata mbilimbili, mwisho yanagongana kabisa. Anayepanga kwa hesabu ya "kila tatu", baada ya 4 na 7 anangoja ya 10, anashikwa na njaa raundi ya 9 akidhani bado ana muda. Kama ndivyo mnavyopanga basi jibu mnalo hapo.

Sasa hesabu yenyewe. Watu wawili kwa mavuno 6 wanahitaji chakula 24. Umeanza na 2 kama wewe ndio wa kwanza, au 3 kama sio. Kwahiyo kuna chakula zaidi ya 20 lazima kitoke jasho.

Kinachoamua mshindi ni mtoto, yaani mtu wa kuongeza kwenye familia, anazaliwa lini. Mtoto wa raundi ya 6 anaanza kazi raundi ya 7 mpaka 14, hizo ni zamu 8 za nyongeza, na atakula mavuno matano, chakula 10. Mtoto wa raundi ya 10 anakupa zamu 4 tu na anakula 6. Wote wawili wanakupa pointi 3 mwishoni. Sasa nani kafanya biashara nzuri? Muulize Madam wako mtoto wa kwanza anampata raundi ya ngapi, utanipa majibu.

Mtoto wa Nzuguni #5

Daah #4 asante. Aisee kweli, Madam akifika raundi ya 6 au 7 ana watu watatu, mimi wa kwangu anazaliwa ya 10, ya 11. Ila nikizaa mapema nitamlisha nini? Hapo ndipo nakwama.

Na sisi mtoto akizaliwa tulikuwa tunamtuma kazini raundi hiyohiyo.

Fundi Hesabu #6

Hapana! Raundi aliyozaliwa analala, anaanza kazi inayofuata. Na kama mavuno yamemkuta raundi aliyozaliwa anakula 1 badala ya 2.

Mrangi wa Bereko #7

Mimi ndiye huyo jamaa wa Kondoa, nimetumiwa link nikaona acha nijibu kwa mdomo wangu.

Fundi Hesabu hesabu zako safi ila hukai mezani kwetu. Zamu zinazunguka kwenda kushoto, na Madam anakaa kushoto kwangu. Mimi napenda kuanza, kila nikipata nafasi nachukua ile kazi ya kuwa wa kwanza, maana ukiwa wa kwanza unabeba rundo la miti kabla hawajafika. Sasa mimi nikilipa zamu yangu nzima kuwa wa kwanza, nani wa pili? Madam. Bure. Hajatoa hata kipande. Jumamosi saba namvutia kiti mwenyewe. Mtoto wa Nzuguni yeye ni wa nne, akifika matete ya kujengea yamekwisha.

Kwa hiyo mimi nasema ni viti. Tukibadilishana viti mtaona.

Binti Mpwapwa #8

Mbukwenyi wote.

Mimi nadhani mnaangalia mbali. Mmesema mwenyewe anapanga chakula kwanza kabla ya kitu kingine. Huyo kalelewa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hawezi kulala kama kihenge hakijafunikwa, na yeye alipokea kwa mama yake aliyeona Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920 huku Ugogo. Vita ya kwanza, Wajerumani wamechukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, Waingereza wamekuja wamechukua tena, halafu mvua ikagoma. Watu walikufa, wengine waliuza watoto wao kwa waliokuwa na chakula. Kwetu hilo neno halitajwi hovyo mpaka leo.

Sasa mtu aliyekulia kwenye nyumba kama hiyo, mvua moja kwa mwaka kuanzia Desemba mpaka Aprili, ikikatika Februari uwele unasimama tu, huwezi kumfundisha kwamba ajenge uzio kabla ya kulisha. Iko kwenye damu. Na nimesoma kwamba hiyo gemu yenyewe inahusu wakulima wa Ulaya ya kati miaka ya 1670, tauni imetoka kuwaachia, wanaanza upya na kibanda cha vyumba viwili. Njaa ni njaa, hata ya Mjerumani.

zabibu kavu #9

#8 umenigusa. Bibi yangu pia alikuwa anafunika sufuria tupu.

Mjukuu wa Kongwa #10

Naunga mkono hoja ya #8 lakini kwa upande mwingine. Tatizo sio Madam, tatizo ni nyie wengine, mnaanza na ukubwa. Sisi Kongwa tunalijua hilo. 1947 Waingereza walikuja kulima karanga, matrekta na mabuldoza, eneo ambalo hata kulitembea huwezi, hawakuuliza wenyeji mvua inanyeshaje wala ule udongo ukikauka unakuwaje, na ule ukikauka ni saruji kabisa. 1951 wamefunga, pauni milioni 36 hivi zimezama, babu yangu alibaki na debe la grisi analichotea maji.

Mtoto wa Nzuguni jibu kwa ukweli: unaanza na nini?

Mtoto wa Nzuguni #11

Uzio. Una vijiti 15 vya uzio, mimi navipenda, nikishafunga zizi zuri la nafasi nne roho inatulia. Natumia miti yangu yote hapo.

Mjukuu wa Kongwa #12

Karanga hizo.

Ndugu Kadi #13

Samahani nimechelewa kuingia. Nimerudia kusoma #1 na kuna kitu watu wote mmekiruka. Mkuu umesema Madam ana tanuri na mavuno yakifika anaoka mkate. HARUHUSIWI. Kuoka ni kazi kama kazi nyingine, lazima umtume mtu wako akaoke kwenye raundi, au uoke pale pale siku unapojenga tanuri. Wakati wa mavuno nafaka yako inaliwa mbichi, moja kwa chakula 1. Wanyama na mboga ndio unaweza kuwapika muda wowote ukiwa na jiko, mavuno au si mavuno.

Tena tanuri la udongo linaoka nafaka moja tu kila unapooka. Lile la mawe ndio linaoka mbili, chakula 4 kila moja.

Kwahiyo kila Jumamosi aliyokuwa na tanuri, Madam amekuwa anapata chakula 5 kila mavuno bila kutumia zamu. Piga mwenyewe. Hiyo ndiyo siri, mengine yote ni hadithi.

Mrangi wa Bereko #14

Eeeh!

Mtoto wa Nzuguni #15

Nimempigia mwenye boksi sasa hivi. Kitabu cha sheria ni cha Kijerumani, alitutafsiria yeye kwa mdomo siku ya kwanza na pale pa mkate anakiri alipita haraka. Amekisoma tena, Ndugu Kadi yuko sahihi.

Lakini jamani tuwe wa haki, sheria mbovu ilikuwa yetu wote, hata mimi ningejenga tanuri ningeoka hivyohivyo. Mwenye boksi alikuwa nalo Jumamosi ya tatu na akawa wa tatu. Madam hakuiba chochote, sitaki aonekane hivyo.

Ndugu Kadi #16

Sijasema ameiba mkuu. Nimesema sheria ilimbeba aliyeiona mapema.

Salma wa Chang'ombe #17

Samahani naomba kuuliza kitu kingine kabisa. Hivyo vipande vyeusi ni nguruwe? Mume wangu tulialikwa kucheza hii mahali akakataa kufuga, akakatwa pointi, akaudhika.

Mrangi wa Bereko #18

Dada Salma hata mimi lilinikuta. Ni nguruwe pori, ukimaliza huna hata mmoja unakatwa 1. Sisi tulikubaliana mezani kwamba weupe kondoo, kahawia ng'ombe, weusi ni mbuzi. Vipande ni mbao tu havina sura. Tangu hapo tunafuga wote na hakuna aliyekosa amani, na mwenye boksi ndiye wa kwanza kusema "nipe mbuzi wawili".

Salma wa Chang'ombe #19

Ahsante sana kaka, nitamwambia.

Mrangi wa Bereko #20

Ila kuna kitu kwenye hii gemu kinanikera toka moyoni. Mifugo haiharibu chochote. Unajaza kondoo, wanazaa, shamba liko palepale. Kwetu mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye yale maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yameliwa na makorongo. Babu alihamisha ng'ombe usiku, anasema walikuwa wanageuka nyuma kuangalia. Miaka imepita miti imerudi, kweli imerudi, ila yeye mpaka anakufa alikuwa anakwenda kusimama pale zizi lilipokuwa. Gemu ya wakulima isiyokuwa na korongo, mimi naona imekosa kitu.

Mzee wa Mashimo 32 #21

Hapo #20 umeongea jambo. Nimekaa na ng'ombe maisha yangu yote najua huko kugeuka.

zabibu kavu #22

Wakuu hii gemu mtu wa kawaida Dodoma anaipataje? Bei nimeiangalia mtandaoni nikafunga simu.

Mjukuu wa Kongwa #23

Mimi nimeshaanza ya kwangu. Punje za mahindi ndio nafaka, maharage ndio mboga, vijiti vya kiberiti ndio uzio, 15 kila mtu, vipande vya matofali nimegonga kwa nyundo ndio udongo, na boksi la biskuti nimekata mashamba. Watu ni vifuniko vya soda, rangi nne, vitano kila mmoja maana familia haizidi watano. Zile kadi za fani na vifaa nimeacha, maana kila mchezaji anapewa 7 na 7, kuandika zote mkono unakufa. Inachezeka bila kadi.

Ndugu Kadi #24

Inachezeka, hata kitabuni kuna namna ya kifamilia isiyo na kadi. Na hapo utajua ubishi wa bahati: ukitoa kadi, karibu bahati yote imetoka. Hakuna dadu. Kinachobaki ni zile kazi mpya zinafunguka raundi kwa raundi kwa mpangilio gani. Kama Madam anashinda na bila kadi, basi tufunge mdomo.

Madam #25

Hamjambo. Nimeonyeshwa huu uzi na mwanafunzi wangu wa zamani, nimesoma wote, nimecheka na sehemu nyingine nimelia.

Binti Mpwapwa mdogo wangu, asante kwa uliyoandika, lakini mimi sikulelewa na njaa. Baba alikuwa mtumishi wa reli, mshahara uliingia kila mwezi, tulikula wali Jumapili. Kupanga vipande viwili viwili nimetoa darasani, ndivyo ninavyowafundisha darasa la pili kuhesabu kwa mbili, wakipanga vizibo mbele yao hawakosei. Nina watoto 80 na zaidi darasani, nikipanga kichwani nachanganyikiwa, nikipanga mezani naona.

Kuhusu mkate, nimeumia kidogo ila ni kweli, na Jumamosi tunacheza sheria sahihi.

Na kama mnataka mimi ninavyoona: nyie mnagombania miti. Chumba kinataka miti 5 na matete 2. Miti inarundikana haraka, matete kwenye ile nafasi yake yanaongezeka moja tu kila raundi, na hakuna anayeyaangalia mpaka ana miti kumi mkononi. Mimi naanza na matete. Basi.

Fundi Hesabu #26

Madam shikamoo. Hiyo ni hoja yangu ya #4 kwa upande wa mbele, matete ndio chumba, chumba ndio mtoto.

Binti Mpwapwa #27

Marahaba hainihusu lakini nimeipokea kwa niaba yake. Dada, baba wa reli sawa. Na mama yako je? Nani alikuwa anafunika chakula?

Madam #28

Mama alikuwa wa Mvumi, hukohuko Ugogo. Hapo sina la kukujibu leo.

Mtoto wa Nzuguni #29

Mrejesho wakuu, tumemaliza sasa hivi, saa nne na nusu usiku. Sheria ya mkate sahihi, mtoto analala raundi aliyozaliwa, na viti tumebadilisha, Madam kakaa kulia kwa Mrangi.

Madam 34, Mrangi 33, mimi 26 bila kadi hata moja ya ombaomba, mwenye boksi 21.

Mavuno ya mwisho niwaeleze maana bado naona mkono wa Mrangi. Alikuwa na watu wanne, chakula 7 mezani, kapungukiwa kimoja tu. Kwenye zizi kabaki na ng'ombe mmoja, kile kipande cha kahawia. Akakishika, akakirudisha, akakishika tena. Akiomba anakatwa 3. Akimchinja ng'ombe anapoteza ile pointi 1 ya kuwa naye na anakatwa 1 ya kukosa ng'ombe, jumla 2. Akamchinja. Alihesabu sawasawa kabisa na akapungukiwa pointi moja.

Mrangi wa Bereko #30

Bado sijala.

Ndugu Kadi #31

Tofauti ya Madam na Mtoto wa Nzuguni imetoka 28 mpaka 8. Nilisema mkate.

Mrangi wa Bereko #32

Wewe ulisema mkate, mimi nilisema viti, na viti pia vimebadilika.

Fundi Hesabu #33

Ndio kosa lenu, mmebadilisha vitu vitatu usiku mmoja, sheria mbili na viti, sasa hakuna mtu duniani anayeweza kujua kipi kimefanya kazi. Na Mtoto wa Nzuguni kapanda kutoka 11 hadi 26, huyo mbona hajadiliwi? Uzio ulijenga lini safari hii?

Mtoto wa Nzuguni #34

Raundi ya 11. Nilijizuia, mikono ilikuwa inawasha.

Jumamosi ijayo viti tunarudisha kama zamani, sheria zinabaki sahihi. Mjukuu wa Kongwa njoo na boksi lako la biskuti tucheze meza mbili, Mzee wa Mashimo 32 karibu pia, kibaraza kipo. Mje kabla ya saa kumi, kupanga vipande tu ni nusu saa.

Mzee wa Mashimo 32 #35

Nitakuja. Nitakaa karibu na matete.